Gesi ya kilo 6 kambini: vinavyopikika vizuri juu yake na vinavyosumbua

Nianze na jibu maana najua wengi ndo mnalitafuta: kama unaenda kulala kwenye hema na familia au washkaji, mko wanne mpaka watano hivi, na mna usafiri wenu, basi ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko linalofungwa juu yake ndo kitu cha kwanza kununua baada ya hema lenyewe. Mtakula chakula cha moto, chakula cha kueleweka, sio siku mbili nzima za biskuti, mkate na karanga za kwenye vifuko vya plastiki. Ila sio kila pishi linakaa juu ya hilo jiko, na wauzaji hawakwambii, wao wanakwambia tu "linapika kila kitu dada" halafu wanakufungia. Halipiki kila kitu, na mi naona ni heri mtu ajue mapema kabla hajapanga menyu ya wikendi.

Mi natumia sana Lushoto, kule Usambara. Unatoka Dar, unapita Segera, Korogwe, ukifika Mombo unakata kulia unaanza kupanda zile kona kama kilomita 33 hivi mpaka mjini, na ukitaka msitu wenyewe unasogea juu zaidi upande wa Magamba ambako ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia na kilele chake kiko kama mita 2,230. Nimepachagua kwa sababu moja ya chakula: huna haja ya kubeba soko kutoka nyumbani. Viazi, karoti, kabichi, njegere, hoho, plamu na peasi msimu wake ukifika, vyote viko pale pale sokoni vimetoka shambani, na Irente wanatengeneza jibini na mkate wao wenyewe shambani. Kwahiyo kwenye gari wewe unabeba mchele, unga, mafuta, chumvi, viungo, vitu vikavu, na mtungi wako. Basi.

Sasa kuhusu mtungi wenyewe. Gesi ni kilo 6 lakini mtungi ukiwa umejaa unakuta jumla unakaribia kilo 13 maana chuma chenyewe kina uzito wake, so sio kitu cha kubeba mgongoni kupanda nacho mlima, ni cha kwenye buti. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma pale juu, karibu na koki, na hii ni siri nzuri sana: ukitaka kujua imebaki gesi kiasi gani kabla ya safari, pima mtungi kwenye mizani (hata ya muuza mkaa), toa ule uzito uliogongwa, kinachobaki ndo gesi yako. Kama huna mizani mwagia maji ya moto ubavuni kisha pitisha kiganja, pale panapoanza kuwa baridi ndo usawa wa gesi ulipo. Wikendi ya watu wanne wanaopika mara tatu kwa siku haimalizi mtungi mpya, inabaki na mnarudi kupikia nyumbani wiki zingine. Hapo ndo unapoona faida yake ukilinganisha na vile vikopo vidogo vya gesi vya kutoboa, ambavyo ni vyepesi kweli lakini mikoani kuvipata ni shughuli, wakati huu mtungi hata Mombo hapo barabarani unabadilishiwa.

Kitu cha kuangalia dukani ni ile ringi ya mpira pale jiko linapokutana na koki. Mimi duka moja (jina naliacha) waliniuzia jiko jipya na ringi imekakamaa imepasuka, gesi inavuja taratibu, nimegundua kwa kupaka povu la sabuni nyumbani nikaona mapovu yanavimba. Nimerudisha wakabadilisha bila maneno mengi lakini fikiria mtu asiyejua angeipakia hivo hivo kwenye gari na watoto. Povu la sabuni, kila ukifunga upya, dakika moja tu. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka chini inatuama, kwahiyo mtungi usikae ndani ya hema hata siku moja, hata kama umezimwa, hata kama mvua inanyesha. Ile harufu ya yai bovu imewekwa makusudi, ukiisikia kwenye gari shusha vioo vyote na usiwashe kitu.

Haya, tuje kwenye msosi.

Namba moja kwangu ni dagaa. Watu wanawachukulia poa lakini kwa kambi sijaona mboga inayowashinda: hawataki barafu, hawana uzito, wanaiva haraka, na watoto wanakula. Mi nabeba wa Kigoma kwa sababu wale wa Mwanza wengi wanaanikwa kwenye mchanga na kambini maji ya kuosha mara tatu nne huna. Kama unao wa Mwanza, toa vichwa, oshea nyumbani, waanike wakauke tena, wafunge kwenye kopo. Kambini unaweka mafuta kidogo kwenye sufuria, yakishika moto unamimina dagaa unageuza bila kuchoka mpaka ile sauti ibadilike, mwanzoni wanatoa sauti nzito ya unyevu halafu inakuwa kavu, wanakwaruza sufuria kabisa, ukiinua mmoja ukamvunja anakatika. Hapo toa weka pembeni. Kwenye mafuta yale yale weka kitunguu kingi, na nikisema kingi namaanisha vitatu vikubwa kwa bakuli moja la dagaa, kikianza kuwa na rangi weka nyanya na karoti iliyokunwa, acha nyanya iive mpaka mafuta yajitenge, hoho, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, halafu rudisha dagaa, kamulia ndimu, geuza mara mbili zima. Usifunike tena wakae, watalainika wawe kama wa jana. Kila kitu kinaisha ndani ya nusu saa na umetumia sufuria moja.

Kwenye hili pishi jiko linapata maksi zote. Moto wake ni mkali, unashika haraka, na kukaanga ndo kazi yake hasa.

Wali ndo unataka akili. Shida ni kwamba moto wa chini kabisa wa majiko haya bado ni mkali kwa wali, na ukiushusha zaidi upepo unauzima, huwezi kupalia kama nyumbani kwenye mkaa ukaweka na makaa juu ya mfuniko. Kwahiyo hivi ndo tunafanya sasa hivi na sirudi nyuma: kaanga kitunguu, tia karoti na njegere mbichi za Lushoto, tia mchele uliooshwa, chumvi, maji vikombe vitatu kwa kila viwili vya mchele (kama unataka wa nazi tumia tui la pakti kwenye hesabu hiyo hiyo ya maji), ukichemka funika kwa mfuniko unaobana, uchemke mpaka maji yazame usawa wa mchele na uone vile vishimo juu, halafu ZIMA. Toa sufuria, izungushie taulo, halafu kitenge, halafu blanketi zito, iweke ndani ya boksi au beseni, iache kama dakika 25. Usifungue kuchungulia. Ukija kufungua unakuta wali umeiva wenyewe kwa joto lake, punje moja moja, haujashika chini, na muda wote huo jiko lilikuwa huru unakaanga dagaa. Hii ndo njia ya wale wanaotumia vikapu vya kuivishia, haihitaji kununua chochote, na kambini ni zaidi ya nyumbani kwa sababu una jiko moja tu.

Sasa ugali. Hapa ndo naliondolea jiko maksi na naziondoa bila huruma. Vile vyuma vitatu vya kukalia sufuria ni vyembamba na viko karibu karibu, sufuria pana inaning'inia nje, na mtungi nao ni mwembamba chini. Ukianza kusonga ugali wa watu watano kitu chote kinacheza, mtungi, jiko, sufuria, maji yanayochemka, na pembeni kuna watoto. Hii sio kasoro ya kuchukulia kawaida. Nilichokiona kwa mama mmoja jirani yetu kambini na sisi tumeshakishika ni hiki: unachemsha maji, unatia unga wa kwanza ukachemka ukawa uji mzito, kisha unashusha sufuria chini kwenye gunia lililokunjwa, mtu mmoja anashika masikio kwa vitambaa, mwingine anasonga kwa nguvu zake zote anaongeza unga, ukikaza unarudisha juu ya moto mdogo dakika chache unafunika, unageuza, basi. Ugali unatoka mzuri kabisa. Lakini kama mko wawili watatu pika ule wa sufuria ndogo juu kwa juu na shida hiyo huioni.

Maharage makavu usithubutu kuanza nayo kule juu. Kadri unavyopanda maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja inapungua kila mita 300, so ukiwa ukingo wa Ngorongoro, pale kambi ya Simba ambako ni kama mita 2,300 na zaidi, maji yako yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, unaona yanatokota kwa fujo lakini maharage yanakuangalia tu. Gesi inaisha na njaa inabaki. Dawa yake ni hii na ni tamu mara mbili: chemsha maharage nyumbani mpaka yaive kabisa, yagandishe kwenye makopo ya plastiki kwenye friza, yapange kwenye kuleboksi badala ya barafu. Njiani yanapooza nyama na maziwa, jioni ya pili yameyeyuka na ndo zamu yake, unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina, tui, chumvi, yanachemka kidogo umemaliza. Makande vile vile. Kuku wa kienyeji vile vile, achemshwe nyumbani, kambini umuunge tu.

Kingine kuhusu baridi. Gesi ili itoke kwenye mtungi lazima igeuke kutoka maji kuwa hewa, na ikigeuka inavuta joto kwenye mtungi wenyewe, ndo maana ukipika muda mrefu unakuta mtungi unatoka jasho na ni wa baridi ukiugusa. Asubuhi ya Magamba mwezi wa saba, ukungu umeshuka, mtungi umelala nje, umebaki robo, utaona moto mdogo wa kinyonge. Sio mbovu. Weka mtungi juani kidogo, au usimamishe kwenye beseni la maji ya kawaida yasiyo ya moto, moto utarudi. Usije ukauweka karibu na moto wa kuni kuupasha, hilo sio la kujaribu hata kwa utani.

Upepo nao ni hivo hivo, unakula gesi kuliko unavyodhani. Weka kinga upande mmoja tu unakotoka upepo, kipande cha bati au boksi lenye mawe, na kiwe na nafasi. Kuna watu nimewaona wanazungushia bati pande zote kama nyumba, wakati mtungi uko chini ya moto hapo hapo, joto linarudi kwenye mtungi. Acha wazi pande zingine.

Asubuhi yetu ni zege ya kambini. Viazi vya Lushoto vimechemshwa na maganda usiku wa jana (maji yake tunayaoshea vyombo baadae, maji hayatupwi kambini), asubuhi unamenya, unakata vipande, unakaanga vipate ganda la kahawia, unamwagia mayai yaliyopigwa na kitunguu na hoho, unafunika, unageuza kwa sahani. Ukikunia jibini ya Irente juu wakati bado ya moto, inayeyuka inaingia katikati ya viazi, aisee. Kachumbari pembeni. Chai ya tangawizi na maziwa ya unga. Kwa hiyo kazi kikaango kizito kinalipa, vile vyepesi vya aluminiamu vinaunguza katikati kwa sababu moto wa haya majiko unapiga sehemu moja. Kama unanunua chombo kimoja tu cha kambi nunua sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, kipenyo kisizidi sentimita 26 hivi.

Uji wa ulezi pia unaenda vizuri, ndizi za kukaanga pia. Na msidharau bisi! Wapishi wa Kilimanjaro wameliona hilo kitambo, mgeni akifika kambini jioni amechoka anakuta bisi na chai ya moto vinamsubiri kabla hata ya chakula cha usiku, na kule hifadhini kuni haziruhusiwi kabisa, ni gesi. Mahindi ya bisi kikombe kimoja, mafuta kijiko, chumvi, mfuniko, dakika chache tu na watoto wametulia wakati wewe unahangaika na wali. Chakula chepesi kubeba kuliko hicho sijui ni kipi.

Nyama ndo kitu pekee ambacho kwa kweli gesi haikipi haki yake. Mishkaki ya juu ya kikaango inalika lakini ule moshi haupo. Sisi pale panaporuhusiwa tunabeba na jiko dogo la mkaa, nyama imelowekwa nyumbani na kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na papai bichi lililosagwa kidogo, papai linalainisha nyama kweli kweli lakini usizidishe wala usiache siku mbili, inageuka uji kwa nje. Makaa yakibaki, tumbukiza viazi vitamu na mahindi. Ila jiko la mkaa LIBAKI NJE. Usiku kukiwa baridi mtu anashawishika kuliingiza kwenye hema lipashe joto, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na watu hawaamki. Gesi pia usipikie ndani ya hema kwa sababu hiyo hiyo na ya moto wenyewe. Baridi inatibiwa kwa blanketi na chupa ya maji ya moto miguuni.

Mabaki ya chakula msiyaache nje wala ndani ya hema. Lushoto ni kima na mbwa, lakini ukienda na mtungi wako Serengeti kule Seronera utaona kwanini kambi za umma zimewekewa majiko na sehemu za kulia zilizozungushiwa nyavu za chuma, pikeni humo humo, kuleni humo humo, fisi hana aibu. Na kule kambi ya Simba, Ngorongoro, tembo anakuja mpaka kwenye tenki la maji, kwahiyo matunda yote kwenye gari na milango ifungwe.

Kwa ujumla wa bei nasita kutaja maana zinapanda na kushuka na mikoani kila mtu na yake, lakini ukinunua mtungi na jiko kwa pamoja ni nafuu kuliko kununua vipande vipande, na chagua kampuni ambayo mitungi yake unaiona imejaa hata maduka ya barabarani sio mjini tu, la sivyo ukiishiwa Korogwe hawakubadilishii. Nyota nne kati ya tano, moja nimeipunguza kwa ajili ya vile vyuma vya juu. Watengenezaji wakivipanua vikawa vinne na wakaweka mguu mpana chini, mi naongeza hiyo nyota siku hiyo hiyo.

Kama mko zaidi ya sita usihangaike na hili, chukua jiko la meza la sahani mbili na mpira wa mita moja na nusu, mtungi unakaa pembeni, sufuria zinakaa chini imara, na ugali unausonga juu kwa juu bila gunia. Linachukua nafasi kubwa kwenye buti, hilo lijue, kwahiyo panga kabla hujapakia watoto.